Fundi na Hati ya Bei

Vijana wetu mafundi, maseremala na wachomeleaji, wengi wao siku hizi hawaandiki tena bei kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi. Wana programu za kuendeshea biashara. Humwandikia mteja hati ya bei, hiyo waiitayo kotesheni, ikatoka safi ina nambari na tarehe, na mteja akiridhia ikageuzwa ankara pasipo kuandikwa upya. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Illa uzuri wa karatasi haulifanyi kisio kuwa hesabu.

Makisio ni kusema yaelekea kazi itafika kiasi fulani. Bei ni ahadi. Mteja akiikubali, imekufunga. Programu haijui wewe umekusudia lipi, basi liandike wazi.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipokutana Jedda mwaka 1992, iliamua kuwa istisnai, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, ni mkataba unaozifunga pande zote mbili, kwa sharti ielezwe jinsi ya kitu, aina yake, kiasi chake na sifa zake, na muda uwekwe. Ikaruhusu pia thamani iahirishwe au ilipwe kwa mafungu maalumu. (Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tumezoea sharti za salam, zitakazo thamani yote itolewe papo hapo kikaoni.) Kwa hiyo kuandika "mlango mmoja" hakutoshi. Ni mvule au mninga? Urefu gani, unene gani? Fremu imo? Nani atauchukua na kuutia, na siku gani?

Sasa njooni kwenye faida, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Tuseme mbao ni shilingi 24,000, bawaba na kitasa 5,000, gundi, msasa na vanishi 3,000, na ujira 8,000: jumla 40,000. Kijana ataka robo ya bei iwe faida yake, akaiambia programu iongeze asilimia 25 juu ya gharama. Yapata 50,000. Lakini faida ya 10,000 katika 50,000 ni asilimia 20 tu! Ili robo ya bei iwe faida, yapasa agawe 40,000 kwa 0.75, apate 53,333. Kwa milango 10 amepoteza 33,330, na mashine haikukosea hata kidogo, ilifanya ilivyoambiwa.

Tena programu hukumbuka bei ya mbao uliyoiandika mwaka jana, ikairudia bila haya. Ulizia dukani kwanza, kisha andika kuwa bei yako yadumu siku 14 au kadiri uonavyo. Na fundi wa Kenya aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani aeleze kama ile asilimia 16 imo au haimo. Juu ya 50,000 hiyo ni 8,000, na watu wamegombana kwa chini ya hizo.

Mteja akibadili shauri kazi ikiwa katikati, akataka nondo au kioo, toa hati mpya airidhie kabla msumeno haujashikwa.

Nawe mwenye nyumba, uletewapo hati kama hiyo, usiitazame jumla ya chini peke yake. Tazama kama kitasa kimo.