Motokari ya umeme uliyonunua jana: uibadilishe au uitunze?

Ndugu wafanya kazi, na ninyi akina mama mnaochunga franka za nyumba,

Kila motokari ya umeme inayopita barabarani, popote duniani, inabeba kazi ya watu wa shaba. Ndani yake mna shaba nyingi kuliko ile ya motokari ya mafuta, na sehemu kubwa ya kobalti inayowekwa katika batri za dunia inachimbwa hapa Kongo. Kwa hiyo mambo ya motokari hizi si ya watu wa mbali tu. Zinaanza kufika Afrika, nyingi zikiwa zimetumika kwanza mahali pengine. Na pamoja nazo linaingia swali nyumbani kabla motokari haijamaliza mwaka: imetoka nyingine yenye batri kubwa, je, niuze yangu nichukue ile? Au nimwite fundi aiondoe batri hii na kuweka kubwa?

Huu ni ukurasa wa usalama na afya. Lakini franka zikitoka vibaya, usalama wa nyumba hutoka pamoja nazo. Shauri letu ni hili: usibadilishe motokari kwa sababu mpya imetoka. Ibadilishe ikiwa njia yako inaishinda. Na franka za kwanza utakazotoa, zitoe kwa waya wa nyumba yako.

MPYA HAIKOMI KUTOKA

Tutazame Nissan Leaf, ambayo ni kati ya motokari za umeme zilizouzwa sana duniani. Ilianza kuuzwa mwisho wa mwaka 2010 ikiwa na batri ya kilowati-saa 24. Wapimaji wa serikali ya Marekani waliandika kwamba batri ikijaa inakwenda kilomita 117. Kwa mwaka 2016 ikatoka ya kilowati-saa 30, kilomita 172. Kwa mwaka 2018 ikatoka ya 40, kilomita 243. Mwaka 2019 ikatoka ya 62, kilomita 364.

Fikiria mtu aliyenunua ile ya 30 mwaka 2017. Mwaka uliofuata, ya 40 ilipotoka, alijiona amepunjwa. Angeuza akanunua ya 40, mwaka mmoja baadaye angejiona amepunjwa tena. Lakini siku ile mpya ilipotoka, motokari yake haikupoteza hata kilomita moja. Asubuhi ilimpeleka kazini kama jana. Kilichopungua ni bei ya kuiuza, na bei hiyo inamwumiza yule anayeuza tu. Wazee wa Kiswahili walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

SWALI LA KWANZA: NJIA YAKO NI KILOMITA NGAPI?

Chukua karatasi na kalamu. Andika kilomita za kwenda kazini, za kurudi, za soko, za kanisa, za kupeleka watoto masomoni. Watu wengi wakihesabu vema hawapiti kilomita 40 kwa siku. Motokari ya namna hii hula kilowati-saa 15 mpaka 18 kwa kilomita 100. Basi kilomita 40 ni kilowati-saa 6 au 7 tu. Hata batri ndogo ya 24, ikiwa bado na nguvu, inakwenda siku nzima na kubakiza akiba.

Sasa hesabu safari za mbali. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilomita 120. Ile ya kwanza haifiki. Ile ya 40, kwa karatasi, inakwenda na kurudi. Lakini karatasi haijui batri iliyochoka, mzigo wa unga, wala barabara mbovu. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilomita 300, na ile ya 62 ingefika ikiwa karibu kukauka. Ikiwa kazi yako inakudai njia hizo kila juma, motokari yako ndogo si ya kazi yako, na kuibadilisha ni akili. Ikiwa unakwenda Kolwezi mara mbili kwa mwaka kwa kilio au kwa ndoa, lipa nafasi katika basi. Tikiti mbili hazifiki hata karibu na bei ya motokari.

SWALI LA PILI: BATRI IMECHOKA, AU NI TAMAA?

Kuna motokari inayostahili kubadilishwa ingawa ni ya juzi: ile iliyonunuliwa na batri iliyochoka. Adui mkubwa wa batri hizi ni joto. Mwaka 2012, huko Arizona, jimbo la shaba la Marekani, wenye Leaf walilalamika kwamba batri zao zinapungua upesi. Batri ile hupozwa na hewa tu, na jua la Arizona halina huruma. Mwaka 2013 Nissan ikaongeza dhamana: batri ikishuka chini ya alama 9 katika 12 kabla ya miaka 5 au kilomita 96 000, kampani itaitengeneza au kuibadilisha. Mwaka 2014 ikatangaza huko Marekani bei ya batri mpya: dola 5 499, huku ukirudisha ya zamani, na kazi ya kuifunga inalipwa kando.

Hapo mna mafundisho mawili. La kwanza: kabla ya kununua motokari iliyotumika, hesabu zile alama za batri, na umwombe fundi mwenye mashini ya kusoma batri aipime. Rangi nzuri haiendeshi motokari. La pili: joto linakula batri ya mpya kama ya zamani. Iweke kivulini. Usiiache siku nyingi imejaa kabisa, wala imekauka kabisa. Kwa kazi ya kila siku, kati ya 20 na 80 kwa mia inatosha. Mtu asiyetunza ndogo hataitunza kubwa.

SWALI LA TATU: NYUMBA YAKO INAIWEZA?

Hili ndilo swali ambalo muuzaji hakuulizi. Prizi ya kawaida ikitoa ampere 10 kwa volti 220 inapeleka kilowati 2,2. Kujaza batri ya 24 kutoka chini kunachukua saa 11 na zaidi. Ya 40, saa 18 na zaidi. Ya 62, zaidi ya siku nzima. Pasi ya mama huvuta umeme mwingi nusu saa, kisha inapumzika. Motokari huvuta usiku wote, watu wakiwa wamelala. Waya mwembamba uliozoea radio na taa utapata moto polepole, na moto huo utaanzia ndani ya ukuta au nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna jicho.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiri batri kubwa, fanya haya:

1. Weka waya wa peke yake kutoka dijonkteri mpaka prizi ya motokari, wa shaba, wenye milimeta mraba 4. Sisi tunaochimba shaba tusidanganywe kwa shaba: waya wa bei ndogo mara nyingine ni aluminium iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, urudishe dukani.

2. Weka waya wa ardhini ulio wa kweli, na dijonkteri ya diferansieli ya miliampere 30. Hiyo ndiyo inayokata umeme mtoto akigusa bodi iliyopata umeme.

3. Usitumie ralonji, hasa ile iliyobaki imeviringwa. Ikiviringwa joto halipati njia ya kutoka.

4. Baada ya saa moja gusa prizi kwa mgongo wa mkono. Ikiunguza, ikigeuka rangi, au ikinuka kama plastiki, zima dijonkteri kwanza, kisha uchomoe.

5. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi mara nyingine hurudi na nguvu mbaya.

BATRI SI KAZI YA UANI

Sasa tunasema na vijana mafundi. Batri ya Leaf ya kwanza ina uzito wa karibu kilo 300 na volti karibu 360. Kazini hakuna anayegusa mashini kabla ya kukata umeme, kufunga kufuli na kutundika kibao chenye jina lake. Sheria hiyo haibaki mlangoni mwa kampani. Na batri ni mbaya kuliko mashini kwa jambo moja: haina mahali pa kuifunga yote. Hata ufunguo ukitolewa, hata plagi ya usalama ikichomolewa, chembe zake ndani bado zina umeme wa kuua. Kufungua batri kwa spana isiyo na kizuizi, bila glavu za volti 1000, chini ya mwembe, ni kucheza na maisha.

Batri iliyopigwa au iliyofungwa vibaya inaweza kuwaka. Moshi wake una sumu inayounguza mapafu. Ndoo ya maji haiuzimi; wazima moto hutumia maji mengi kwa saa nyingi, na inaweza kuwaka tena kesho yake. Ikianza kutoa moshi, ondoa watoto, kaa mbali upande upepo unakotoka, ita wazima moto. Usirudi kuchukua kitu chochote. Na usiku, motokari isilale chini ya dirisha la chumba cha watoto.

Basi kama batri lazima ibadilishwe, ibadilishwe katika garaji yenye mashini ya kuinua, vyombo na watu waliofundishwa. Kama garaji hiyo haipo karibu, bora kuuza motokari nzima kuliko kuifungua.

Ndugu, keti na bibi yako, mwandike kilomita zenu, alama za batri yenu na hali ya waya zenu. Ikiwa njia inaifaa motokari na batri ina nguvu, itunzeni. Mlichonunua ni kizuri bado. Ikiwa njia inaishinda, ibadilisheni bila haya, lakini waya utangulie. Motokari kubwa katika nyumba ya waya mbovu si maendeleo. Ni moto unaongoja saa yake.