NUSU MSHAHARA KWA KARANI, NA KONTRAKTA JE?



Kuna maneno yanazungushwa na matajiri, eti korti za ufisadi ziliwekwa kwa ajili ya watumishi wa serikali, na mfanyabiashara hazimhusu. Maneno hayo ni uongo.

Sheria ya ufisadi na makosa ya uchumi ya mwaka 2003 iliweka mahakimu maalum, na kifungu cha 4 chasema makosa ya sheria hiyo yasikilizwe na mahakimu hao tu. Angalieni vizuri: kimetaja makosa, cheo hakikutajwa. Kifungu cha 45 nacho chamshika mtu awaye yote ajipatiaye mali ya umma kwa hila. Mwenye stoo River Road ni mtu, kama alivyo karani wa kaunti.

Na ndivyo ipasavyo, maana rushwa haitolewi na kupokewa na mtu mmoja. Kumbukeni mambo ya Goldenberg, miaka ya 1990. Kampuni ya watu binafsi ililipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodaiwa kuuzwa ng'ambo. Saini zilitoka ofisi za serikali. Fedha zilikwenda kwa kampuni. Mfanyakazi yeye aliona bei ya unga tu.

Sasa twende kwa jambo linalotuchoma. Kifungu cha 62 chasema mtumishi wa umma akishtakiwa asimamishwe kazi kwa nusu mshahara tangu siku ya mashtaka, na kesi imalizwe kwa miezi 24. Miezi 24! Mwenye nyumba hapokei nusu kodi, wala shule haipokei nusu karo. Kontrakta aliyesimama naye kizimbani arudi ofisini jioni ile ile, na kifungu cha 62 hakina neno juu yake. Korti ni moja, lakini mmoja ameanza kuadhibiwa kabla shahidi wa kwanza hajasema.

Hatuwatetei wezi. Aliyekula fedha ya dawa na afungwe, hata akiwa mwanachama wetu. Twataka kampuni iliyoshtakiwa isipewe tenda mpya ya serikali mpaka kesi iishe. Tena twataka mahakimu wafuate kifungu cha 4, ambacho kimewaambia tangu 2003 wasikilize kesi siku kwa siku kadiri iwezekanavyo. Mwenye nusu mshahara hana nguvu ya kungoja kuahirishwa mara kumi.

Nanyi wa viwandani na makampuni, msiseme haya ni ya wenzenu wa serikali. Sheria ya hongo ya 2016 yailazimisha kampuni kuwa na utaratibu wa kuzuia hongo, na kifungu cha 21 chakataza kumfukuza au kumsumbua mtu aliyetoa habari. Bahasha huchukuliwa na dereva, na mara nyingi dereva ndiye aitwaye kwanza mambo yakiharibika. Aliyetishwa kwa kusema kweli alete barua yake tawini upesi, kabla hajatia saini karatasi yoyote ya mwajiri.