Kilomita 120: Mimi Napita, Rafiki Yangu Hapiti

Ukitafuta Kakuma mtandaoni, dakika mbili haziishi kabla hujakutana na sentensi hii: eti "Kakuma" ni neno la Kiswahili, maana yake "hakuna mahali". Imeandikwa kwenye magazeti ya Ulaya na Marekani, imenakiliwa na wanablogu, imerudiwa mpaka imekuwa kama kweli. Sasa wanangu, mimi nimezaliwa Tanga. Bibi yangu anaongea Kiswahili hata akiwa usingizini. Hilo neno sijawahi kulisikia, na wewe pia hujawahi. Fungua kamusi yoyote, hulikuti. Ila limependwa kwa sababu linafaa. Mahali pakiwa "hakuna mahali", basi walioko pale ni kama hakuna watu, na hakuna atakayeuliza kwa nini hawatoki.

Mimi leo nauliza hilo hilo. Kwa nini hawatoki?

Niwape picha kwanza. Niko Lodwar mwezi wa tano sasa, kwenye mafunzo ya kazi. Naishi keja moja (sisi Wabongo tungeita geto) na washkaji wawili: Mganda wa Mbale na Mkenya wa Kisii. Wote watatu ni wageni Turkana. Wote watatu tunalalamikia joto la Lodwar kila siku kama ni taarifa mpya. Wikendi moja tukasema basi, twende Kakuma. Kule tuna rafiki, kijana wa Kikongo kutoka Uvira, anayehariri video kuliko sisi wote tukijumlishwa. Tukakodi Probox, tukabeba maji, chapati na spika, safari ikaanza.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Ni barabara ile ile inayotoka Kitale, inapita Lodwar na Kakuma, inaenda Lokichoggio mpaka Nadapal kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Wenyeji wanakumbuka enzi za mashimo na kusafiri kwa msafara wenye polisi. Leo ni lami. Nje ya dirisha ni mchanga, miti ya mathenge, laga kavu ambazo mvua ikinyesha mbali huko zinageuka mto bila kukuaga, na ngamia waliosimama katikati ya barabara kama wana hati ya kiwanja. Mzee mmoja alikuwa amekaa kivulini juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo ambacho usiku kinakuwa mto wa kichwa. Tukasema "Ejoka!" akatujibu "Ejok noi!" na Mganda wetu akajiona tayari ni Mturkana.

Njiani tulisimamishwa kwenye kizuizi. Vitambulisho. Mkenya akatoa chake, Mganda chake, mimi pasipoti. Afisa akaangalia, akauliza Tanga ni karibu na Mombasa, akatutakia safari njema. Dakika moja, tena tukicheka. Ishike hiyo dakika.

Kakuma yenyewe sio ile unayoiona kwenye video zenye muziki wa huzuni. Shida ipo, tena kubwa, nitaifikia. Lakini ukishuka kwenye gari unaona mji. Kuna vinyozi, mafundi simu, wauza nguo, misikiti, makanisa, bodaboda zinazokaribia kukugonga kama Kariakoo. Tulikula injera kwa Wahabeshi, tukanywa kahawa iliyochomwa mbele yetu, tukanunua vocha kwa Msomali, tukasikia Kiswahili cha Kongo kimekutana na Kiarabu cha Juba. Kambi ilianza 1992, vijana waliokimbia vita Sudan walipofika kwa miguu. Ukijumlisha na makazi ya Kalobeyei yaliyo jirani, leo pana watu karibu 300,000. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, lilitoa utafiti uliokuta biashara zaidi ya 2,000 Kakuma, na soko lenye thamani ya karibu dola milioni 56 kwa mwaka. Hakuna mahali gani hapo?

Na watu? Awer Mabil alizaliwa Kakuma 1995, akaja kuichezea timu ya taifa ya Australia. Mwanamitindo Halima Aden alizaliwa hapo 1997. Olimpiki ya Rio 2016, ile ya kwanza kuwa na timu ya wakimbizi, wanariadha 5 kati ya 10 wa timu hiyo walikuwa vijana wa Sudan Kusini waliotokea Kakuma. Lakini angalia vizuri hiyo orodha. Wote tuliwajua baada ya kutoka. Kipaji cha Kakuma dunia inakipigia makofi kikishafika kwingine.

Turudi kwa rafiki yetu. Jioni tukamwambia, kaka, panda gari, ulale kwetu leo, kesho twende ziwani, Jumatatu tunakurudisha. Akacheka. Sio kicheko cha kukataa, ni kile cha mtu anayemsikiliza mtoto. Akasema, "Mwende tu. Mutanisalimia Lodwar."

Yeye hawezi kutoka Kakuma hivi hivi. Anahitaji kibali cha kusafiri. Unaomba, unaeleza sababu, unasubiri, na sababu iwe nzito: hospitali, shule, jambo linaloeleweka. "Nataka kwenda kuona ziwa na washkaji" haimo. Akikamatwa njiani bila kile kikaratasi, ni kesi. Na huyu jamaa yuko Kenya tangu ana miaka saba. Amesoma mtaala wa Kenya na kufanya mtihani wa Kenya. Mimi nina miezi mitano hapa, bado nasema "nyanya" nikimaanisha ya kwenye kachumbari wakati wenzangu wanafikiri nazungumzia bibi. Lakini kwenye kizuizi mimi ndiye ninayetumia dakika moja.

Najua hoja inayokuja: wewe una haki kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sawa, tuongee Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na inasema raia wa nchi wanachama watembee. Burundi iliingia 2007. Sudan Kusini 2016. Kongo 2022. Somalia 2024. Sasa taja mataifa yenye watu wengi Kakuma: Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi. Yaani sehemu kubwa ya wanaozuiwa kwenda Lodwar ni Wanaafrika Mashariki kama mimi, kwa mkataba ule ule. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuja kwa basi na yeye alikuja akikimbia risasi. Aliyekuja kwa raha anatembea, aliyekuja kwa shida anakaa. Ukiisema kwa sauti, hata wewe mwenyewe unasikia ilivyopinda.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, ni bora kuliko ya zamani, tuipe haki yake. Inatambua haki ya kufanya kazi na biashara. Imeweka hata mlango wa Jumuiya: mkimbizi anayetoka nchi mwanachama anaweza kuachana kwa hiari na hadhi ya ukimbizi ili apate manufaa ya raia wa Afrika Mashariki. Inapendeza, mpaka ufikirie. Ukiiacha hadhi hiyo, unaacha na ulinzi wake, halafu unahitaji karatasi kutoka kwa serikali ile ile uliyoikimbia. Na haki ya kufanya kazi bila haki ya kwenda kazi iliko ni kama kupewa simu bila chaja.

Machi 2025 Rais Ruto alizindua Mpango wa Shirika, ambao lengo lake ni kugeuza kambi ziwe makazi ya kawaida, wakimbizi na wenyeji wakitumia shule na hospitali zile zile. Mimi naunga mkono. Ila mji ni mji kwa sababu watu wanaingia na kutoka. Kakuma ikipewa manispaa, mabomba na taa za barabarani huku kibali kikibaki, tutakuwa tumejenga kambi yenye taa.

Kingine, tukumbuke tuko wapi. Wakati wa mkoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia kulihitaji ruhusa. Na Lodwar ndiko walikompeleka Jomo Kenyatta mwaka 1959, alipomaliza kifungo chake Lokitaung. Hakuwa tena mfungwa. Alikuwa mtu asiyeruhusiwa kuondoka, mpaka 1961 walipomhamishia Maralal. Waingereza walijua kitu: sio lazima umfunge mtu kwa ukuta kama una jangwa na karatasi. Kenya ilipigania kuondokana na jangwa na karatasi. Sioni kwa nini irithi kitu hicho kwa ajili ya kijana wa Uvira.

"Na usalama je?" Swali halali, sio la kulidharau. Kenya imepigwa na magaidi, watu wamezika ndugu zao. Lakini mkimbizi aliyesajiliwa ana alama za vidole, picha, na faili kwenye mfumo. Serikali inamjua rafiki yangu kuliko inavyonijua mimi. Mtu mwenye nia mbaya haombi kibali. Kinachozuiwa na kile kikaratasi ni mwanafunzi, mfanyabiashara na mpiga video.

"Na Waturkana je?" Hili ndilo swali ninaloliheshimu zaidi. Wenyeji wamekaa zaidi ya miaka 30 wakiangalia malori ya msaada yakipita mbele ya maboma yao yenye ukame. Wana haki ya kuuliza wao wanapata nini. Jibu langu: watu waliofungiwa ni mzigo kwa mwenyeji, watu wanaotembea ni wateja. Mama wa Kalokol anayekausha samaki wa Ziwa Turkana anahitaji mnunuzi Mkongo aje hadi ufukweni, apange bei uso kwa uso. Lodwar inahitaji fundi, mshonaji, mwalimu wa Kifaransa. Wote wapo, kilomita 120 tu.

Na sasa kuna haraka. Mwaka 2025 pesa za wafadhili zilikauka, hasa za Marekani, mgao wa chakula ukapunguzwa vibaya, watu wakaandamana Kakuma. Huwezi kumwambia mtu "jitegemee" na "usitoke" kwenye sentensi moja. Chagua. Kama chakula hakipo, mfungulie njia akakitafute.

Ninachoomba sio mbingu. Aliyesajiliwa apite Turkana nzima kwa kitambulisho chake cha mkimbizi, bila kibali. Tuanze na kaunti moja, tuangalie kwa mwaka mmoja, halafu tuzungumze kuhusu Kitale na Nairobi.

Na sisi watu wa kontenti, tuache uvivu. Ukienda Kakuma na kamera, usilete tena mtoto mwenye nzi na piano nyuma yake. Usiandike "hakuna mahali". Muulize kijana wa rika lako maswali mawili: unafanya kazi gani, na mara ya mwisho ulitoka hapa lini? Jibu la kwanza litakushangaza. La pili likukasirishe.