Miezi minne kwenye imprimeri: nimutoe mtoto ama nimuache?

Mama mmoja wa Masisi, ambaye anakaa kwa dada yake huko Ndosho tangu kambi ziondolewe mwezi wa pili 2025, alinisimamisha njiani juma lililopita. "Papa mwandishi, wewe unasemaga kwa redio, nisaidie. Mtoto wangu ana miezi minne kwenye imprimeri kule Birere. Wanamupa franka elfu kumi kwa juma. Nimutoe akauze uniti, ama nimuache?"

Nilimuambia nitafikiri. Nimefikiri, na jibu langu ni hili: asimutoe bado, lakini asikae kimya pia.

Elfu kumi kwa juma, ukigawanya kwa siku sita za kazi, haifiki hata franka 2 000 kwa siku. Mshahara wa chini ambao serikali iliweka mwaka 2018 ulikuwa franka 7 075 kwa siku, na hata ule watu walisema hautoshi. Kijana akipanda pikipiki asubuhi na jioni, pesa ya juma inaisha kabla ya Alhamisi. Kwa hiyo anatembea kwa miguu. Anafika amechoka, anakula kikwanga mchana kama kipo, anarudi usiku. Na kule nyumbani kuna watoto wengine wanaomuangalia yeye kama mukubwa ambaye "anafanya kazi". Huu ni uzito, tusiufiche.

Lakini nataka wazazi waelewe ile kazi ni nini, kwa sababu wengi wanafikiri ni kubonyeza mashine tu. Mimi mwenyewe nilianza kwenye serigrafi mbele ya kuingia katika uandishi, na nusu ya mwaka nilikuwa ninaosha kadri. Kadri ni ule ubao wenye kitambaa chepesi kilichovutwa sana. Unapaka dawa juu yake ndani ya chumba chenye giza, unaacha ikauke, unaweka picha iliyochapwa kwa weusi kwenye karatasi inayopitisha mwanga, kisha unaipeleka kwenye taa ama kwenye jua. Pale mwanga ulipogusa, dawa inakuwa ngumu. Pale penye weusi, dawa inatoka na maji, na ndiyo njia wino utapitia. Ukizidisha dakika kidogo, haitoki tena. Ukipunguza, inatoka yote. Na jua la saa nne si jua la saa saba, hakuna kitabu kitakachokufundisha hayo, ni mkono na jicho.

Kisha kila rangi inaomba kadri yake. Tisheti ya rangi tatu ni kadri tatu, na zote ziangukie mahali pamoja, bila kuachana hata milimita. Kijana anayejua kukutanisha rangi tatu juu ya polo nyeusi, huyo hawezi kukosa chakula katika mji huu. Huwa tunachapa kila kitu hapa: tisheti za kilio zenye picha ya marehemu, kadi za harusi, mashati ya kwaya, bashi za makanisa, vitabu vya faktiri, kashe. (Wale waliokaa kambini wanajua bashi kama nyumba. Kwa mchapaji, bashi ni tangazo la kukata kwa mita.) Wakati wa uchaguzi wa 2018 na ule wa 2023, imprimeri zilikuwa zinalala wazi.

Sasa tusikilize upande wa mapatroni pia, kwa sababu nao si wote wabaya. Wino na dawa vinanunuliwa kwa dola, na vingi vinapita Uganda. Banki za Goma zilifunga milango mwezi wa kwanza 2025, na mteja anakulipa kwa noti za franka zilizochanika ambazo muuzaji wa wino anazikataa. Maji yenyewe, katika mji huu uliojengwa juu ya mawe ya volkano, unayanunua kwa bidoni, na kuosha kadri kunakula maji. Mwanafunzi akipasua kitambaa cha kadri, hasara ni ya patroni. Na kuna jambo ambalo wananilalamikia kila mara: kijana anajua kidogo, mwezi wa tatu anatoka, anafungua meza yake ngambo ya barabara, anaita wateja wale wale. Hiyo inauma, ninakubali.

Ila hayo yote hayaelezi kijana wa miaka miwili ambaye bado anafagia. Nimewaona. Anaenda sokoni kwa mke wa patroni, anabeba bashi mpaka kwa mteja, anachota maji, na siku ya kuandaa kadri anaambiwa atoke, chumba kifungwe. Dawa inachanganywa kwa siri kama dawa ya mganga. Huyo si mwanafunzi, ni mtumishi wa bei rahisi. Na watoto wa familia zilizokimbia ndio wanaoangukia humo zaidi, kwa sababu patroni anajua hawana mjomba katika mji wa kuja kuuliza. Kuna hata wale wanaoomba familia ilipe dola za kuingia, halafu mtoto anapewa ufagio.

Sheria yetu ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamtambua mtu anayejifunza kazi. Ina sehemu yake kuhusu mkataba wa kujifunza. Ninajua, mtu atacheka: nani anaandika mkataba Birere? Lakini karatasi moja, yenye jina la kijana, jina la patroni, siku ya kuanza na siku ya kumaliza, inachapwa kwa dakika mbili. Tena wako ndani ya imprimeri! Karatasi na wino viko mkononi.

Kwa hiyo, mama yangu wa Ndosho, usimtume mtoto peke yake. Nenda wewe, na dada yako, ama na mzee wa kanisa, mukae na patroni kwa heshima. Muulizeni mtoto anamaliza lini. Muulizeni ni kazi gani anaifanya kwa mikono yake leo ambayo hakuijua siku ya kwanza. Kama patroni anaweza kumuita mtoto akawaonyesha kadri aliyoitengeneza mwenyewe, hata yenye makosa, muache aendelee, na muombe kitu kimoja tu: pesa ya kuanzia iongezwe siku atakapochapa komandi ya kwanza peke yake. Patroni wa kweli hawezi kukataa hayo, kwa sababu kuanzia siku ile kijana anamuingizia. Kama anajibu "bado, bado" bila tarehe, na mtoto hana la kuonyesha isipokuwa mikono iliyopasuka kwa kuosha, muchukue siku hiyo hiyo. Akauze uniti, hakuna haya.

Na kwako kijana mwenyewe, kama unasikia: ukipewa kadri, andika. Nunua kaye ndogo, weka dakika ulizoacha kwenye jua, saa ngapi, wino gani, kitambaa gani kiliharibika. Mimi sikuandika, na nilirudia kosa moja kwenye mashati ya kwaya mara tatu. Patroni wangu alikata hasara kwenye pesa yangu ya sabuni miezi miwili. Nilikasirika sana wakati ule, na mpaka leo ninaona hakufanya haki, kwa sababu hakuna siku hata moja aliyonionyesha dakika zake.

Mama aliniambia atakwenda siku ya posho, baada ya kazi. Akipata jibu nitawaletea hapa, liwe zuri ama baya.