Kifaa Kisichojaribiwa ni Hirizi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, tafuta uzi wenye urefu wa takriban sentimita 30 pamoja na pete. Kama huna pete, nati ya baiskeli itatosha. Ifunge pete kwenye ncha moja ya uzi, shika ncha ya pili kwa vidole viwili, kisha iache pete ining'inie juu ya karatasi uliyoichora msalaba. Usiutikise mkono. Iwazie tu pete ikienda mbele na nyuma juu ya mstari mmoja wa msalaba huo. Subiri kidogo, pete itaanza kwenda. Sasa badili wazo, uwazie mstari wa pili. Pete nayo itabadili njia, nawe utakuwa tayari kuapa kwamba mkono wako haukusogea hata chembe.

Mkono umesogea. Misuli hulijibu wazo kwa miendo midogo mno ambayo mwenyewe huihisi, na uzi huikusanya miendo hiyo hadi ikawa mbembeo unaoonekana kwa macho. Hakuna jini wala sumaku. Ni mchezo mwepesi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si wa fizikia, lakini nimeufanya darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi hucheka kwa mshangao. Makala haya, hata hivyo, hayakuandikwa ili kuchekesha. Nataka uone jinsi dola nzima ilivyowahi kuinunua pete hiyo na uzi wake kwa bei ya gari, ikawakabidhi askari wake barabarani, na watu wakafa.

Kifaa chenyewe kiliitwa ADE 651. Kilikuwa na mpini wa plastiki na antena ya chuma iliyofungwa kwa bawaba, ikizunguka kwa uhuru kushoto na kulia. Hakikuwa na betri. Muuzaji wake, Mwingereza James McCormick, alidai kwamba kilipata nguvu kutokana na umeme tuli wa mwili wa anayekishika, na kwamba kwa kuchomekewa kadi maalumu kiliweza kutambua vilipuzi, dawa za kulevya, pembe za ndovu na hata binadamu aliyejificha, kwa umbali wa hadi kilomita moja. Askari alikishika, akatembea kando ya gari, na antena ikielekea upande wa gari hilo, basi gari lilihesabiwa kuwa na hatari. Kadi hiyo ilipofunguliwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Cambridge, hakikuonekana ndani yake kitu chochote kiwezacho kutambua kilipuzi. Kilichokuwamo ni kibandiko cha aina ile inayotumiwa madukani kuzuia wizi wa bidhaa.

Asili ya biashara hiyo ni kichekesho kinachouma. Kulikuwa na kifaa cha mzaha kilichouzwa Marekani kwa takriban dola 20, kikidaiwa kutafuta mipira ya gofu iliyopotea nyasini. Ndicho kilichokuwa mzazi wa ADE 651. Kilibadilishwa jina, kikapambwa, kikapandishwa bei hadi dola 40,000 kwa baadhi ya wanunuzi. Iraki ilinunua maelfu ya vifaa hivyo kwa makumi ya mamilioni ya dola, ikavisambaza katika vituo vya ukaguzi vya Baghdad. Tarehe 25 Oktoba 2009, magari mawili yaliyosheheni vilipuzi yalilipuka katikati ya mji huo, yakaua watu zaidi ya 150. Vilipuzi hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Vilipita barabarani, mbele ya walinzi waliokuwa na antena mikononi.

Januari 2010 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kifaa hicho kupelekwa Iraki na Afghanistani. Mwaka 2013 mahakama jijini London ilimhukumu McCormick kifungo cha miaka 10 kwa ulaghai. Ungedhani mambo yaliishia hapo. La hasha! Antena ziliendelea kuzungushwa Baghdad hadi Julai 2016, ambapo bomu liliua watu zaidi ya 300 katika mtaa wa Karrada, na hapo ndipo Waziri Mkuu Haider al-Abadi alipoamuru vifaa hivyo viondolewe. Muuzaji alikuwa amekwisha kuhukumiwa, lakini bidhaa yake ilikuwa bado kazini.

Yawezekanaje? Jibu rahisi ni rushwa, na rushwa ilikuwapo: mkuu wa kikosi cha kupambana na mabomu, aliyekuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba hajali kama kifaa ni cha uchawi au cha sayansi mradi kinagundua mabomu, baadaye alikamatwa kwa tuhuma za ufisadi. Lakini rushwa haielezi kila kitu. Askari wa kawaida aliyesimama juani hakuhongwa. Yeye aliamini, na aliamini kwa sababu aliiona antena ikienda mkononi mwake kama wewe ulivyoiona pete ikienda. Alilitazama gari, akamtilia shaka dereva, na mkono ukaitii shaka yake bila yeye kujua. Antena ilipoelekea kwenye gari lisilo na kitu, alikuwa na maelezo tayari: pengine dereva amejipaka manukato, au meno yake yamezibwa. Ni maelezo yale yale ya mwenye kuuza hirizi. Hirizi ikishindwa kukulinda, kosa ni lako, umevunja miiko.

Lau mtu mmoja mwenye mamlaka angalidai jaribio la vikombe vitatu, yote hayo yangaliepukwa. Jaribio hilo waweza kulifanya leo jioni mezani pako. Chukua vikombe vitatu visivyopenyeza mwanga na sarafu moja. Kwanza ficha sarafu mwenyewe chini ya kikombe kimoja, kisha ipitishe pete juu ya kila kikombe ukiiamuru ikuonyeshe sarafu ilipo. Itakuonyesha bila kukosea. Sasa toka chumbani. Mwambie mwenzako apige kura, aifiche sarafu kwa kufuata kura hiyo, naye aondoke kabla hujaingia, ili uso wake usikupe dalili. Ingia, ipitishe pete, andika jibu. Rudieni mara 30. Mwishoni hesabuni: mtakuta umepatia takriban mara 10, yaani kiasi kile kile ambacho angepatia mtoto anayebahatisha. Pete haikupoteza nguvu zake ulipotoka chumbani. Haikuwa nazo tangu mwanzo. Ilikuwa ikikuambia yale uliyoyajua.

Hekima hii si mpya. Mwaka 1853, watu wa London walipokuwa wamepagawa na mchezo wa kuizungukia meza, kuwekea mikono juu yake na kungoja roho ziizungushe, mwanasayansi Michael Faraday aliamua kuuchunguza. Hakuwatukana washiriki wala hakuwaita waongo. Alijua kuwa ni watu waaminifu. Alitengeneza kifaa kidogo cha bao mbili zilizotenganishwa kwa vijiti vya kioo vinavyobingirika, akaufunga unyasi mrefu uwe mshale wa kuonyesha bao la juu likisogea. Kama meza ingetangulia kwenda, mshale ungeelekea upande mmoja. Kama mikono ingetangulia, ungeelekea upande wa pili. Mikono ndiyo iliyotangulia. La ajabu zaidi, washiriki walipoachwa wautazame mshale huo, meza iliacha kabisa kuzunguka. Kwa kuona tu ukweli wa mikono yao, waliacha kujidanganya.

Mtu huyo alikuwa mwana wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Ni yeye pia aliyeasisi mihadhara ya Krismasi ya sayansi kwa vijana jijini London, iliyoanza mwaka 1825, ambamo mshumaa mmoja uliwasha maswali ya siku kadhaa. Kwake yeye, jaribio la kufurahisha na jaribio la kufichua uongo vilikuwa kitu kimoja.

Kwetu vimetenganishwa, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo.

Nagombana kwanza na wale wanaosema kwamba majaribio ya kufurahisha ni mchezo wa watoto unaokula muda wa mtihani. Kwao sayansi ni orodha ya majibu ya kukariri. Mwanafunzi wao ataandika kanuni ya umeme tuli bila kosa, apate alama za juu, akue, awe ofisa wa manunuzi, kisha aletewe mpini usio na betri na aambiwe kwamba unaendeshwa na umeme tuli. Neno analijua. Kulipima dai hajafundishwa. Atatia saini.

Nagombana pia, na kwa uchungu zaidi, na wale wanaojiita marafiki wa sayansi. Nimehudhuria maonyesho ya shule ambapo mlima wa udongo ulitoa povu la siki na magadi, yai likamezwa na chupa, taa ikawaka kwa umeme wa malimau, wazazi wakapiga makofi na mgeni rasmi akagawa vyeti. Hakuna aliyeuliza swali. Hakuna aliyesema, "Rudia, lakini safari hii bila magadi." Hakuna aliyeuliza kama kweli ni limau linalotoa umeme, au ni vipande vya zinki na shaba vilivyochomekwa humo. Onyesho la namna hiyo halimtofautishi mwalimu na mfanya mazingaombwe wa sokoni. Linamfundisha mtoto kwamba mbele ya kifaa cha ajabu wajibu wake ni kushangaa na kupiga makofi. Somo hilo atalikumbuka siku atakapokuwa mpiga kura.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Aliyeviona vikiundwa hadanganyiki kwa urahisi, na aliyewahi kuvizamisha kwa makusudi ili ajue ni kwa nini vyaelea hadanganyiki kabisa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza hapa Uganda mwaka 2020 unampa mwanafunzi nafasi ya kufanya miradi badala ya kukariri tu. Basi na kila mradi uambatane na swali moja la lazima: ni matokeo gani yangetuonyesha kwamba tumekosea? Mradi usio na jibu la swali hilo usipewe alama, hata ukimetameta kama dhahabu.

Najua pingamizi litakalofuata. Mtu ataniambia: "Mwalimu, wewe ni nani hata uwahoji wataalamu wa usalama? Mambo hayo ni siri." Namjibu kwamba jaribio la vikombe halihitaji siri yoyote. Halihitaji kukifungua kifaa wala kuijua teknolojia yake. Linahitaji hesabu mbili tu: kimejaribiwa mara ngapi na mtu asiyejua jibu, na kimepatia mara ngapi. Mwaka 2010 nchini Thailand, kifaa kingine cha ukoo huo huo, GT200, kilijaribiwa kwa namna hiyo mara 20. Kilipatia mara 4. Hakuna siri ya dola iliyovuja. Kilichovuja ni aibu ya walionunua.

Nawe, raia mwenzangu, una haki ya kuziulizia hesabu hizo. Ibara ya 41 ya Katiba yetu inakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa pale zinapoweza kudhuru usalama wa nchi au faragha ya mtu, na sheria ya mwaka 2005 imeweka utaratibu wa kuziomba. Ibara ya 17 haikuachi ukae kitako: inakutwika wajibu wa kupambana na ufisadi na ufujaji wa mali ya umma. Mali ya umma haifujwi kwa kuibwa tu. Hufujwa pia kila inaponunuliwa mashine ambayo hakuna aliyeijaribu, iwe ya kupima maradhi zahanatini, ya kutafuta maji kijijini au ya kuhesabu kura.

Sikuombi uchukie vifaa vipya. Vipo vingi vyenye manufaa makubwa, na kifaa cha kweli hakiogopi vikombe vitatu; hukipita kila kimoja na kuonyesha sarafu ilipo, hata mwenye kukishika akiwa amefumbwa macho. Ni hirizi pekee inayohitaji kuaminiwa kwanza ndipo ifanye kazi.

Basi usiitupe pete yako wala uzi wake. Usiku wa leo waite watoto, vigeuzeni vikombe mezani, mwache mdogo kabisa aifiche sarafu, na kila mmoja aandike hesabu yake. Na siku diwani wako atakapokuja mkutanoni kusifia mtambo utakaonunuliwa kwa kodi yako, nyosha mkono, umwulize mbele ya watu: umejaribiwa mara ngapi na asiyejua jibu, na umepatia mara ngapi?