Mambo ya Nyumbani: Mtoto Ambaye Korodani Zake Hazijashuka

Neno la mwezi huu ni la kuonewa haya, lakini haya yaweza kumdhuru mtoto. Mama mmoja alituambia kwamba aliiona kasoro ya mwanawe tangu siku za kwanza, akanyamaza kwa kumwogopa mavyaa wake. Twawasihi, baba na mama, msome pamoja.

Korodani za mtoto mwanamume huumbwa ndani ya tumbo lake, kisha hushuka polepole hata zifike mfukoni kabla hajazaliwa. Walakini katika watoto 100 waliotimiza miezi yao, wapata 3 huzaliwa na korodani moja, au zote mbili, hazijashuka. Katika waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Si laana, wala si kosa la mama, wala hakuna mizizi iwezayo kuziteremsha.

Mtazameni mtoto akiogeshwa kwa maji ya vuguvugu, kwa kuwa baridi huzivuta korodani juu kwa kitambo. Zikishuka kwa joto na kutulia, hiyo ni desturi ya mwili. Daktari na azitazame kila mwaka. Mfuko ukiwa mtupu hata wakati huo, mpelekeni kliniki. Zikikosekana zote mbili tangu kuzaliwa, mpelekeni mara moja.

Nyingi hushuka zenyewe kabla ya miezi 6. Baada ya hapo ni nadra. Basi yafaa mtoto apasuliwe kati ya miezi 6 na 18. Hutiwa usingizi, daktari akaiteremsha korodani na kuishona mahali pake.

Kwa nini tusingoje? Korodani hutaka ubaridi kuliko tumbo. Ikikaa ndani ya joto, uwezo wa kuzaa hupungua, na ukubwani saratani yaweza kuiingia. Tena yaweza kujisokota: mtoto akilia kwa uvimbe na maumivu ya kinena, akimbizwe hospitali saa ile ile.

Huku kwetu wako wasemao, "Tutaona siku ya jando." Siku hiyo wakati ulio bora umekwisha kupita, hata hivyo, aliyechelewa naye apelekwe. Anzeni Makiungu, Iambi, Itigi, Kiomboi, au hospitali ya mkoa mjini Singida. Ikihitajika bingwa wa mbali, watawapa barua.

Nanyi walimu, mtoto wa namna hii asichekwe shuleni. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kuviheshimu hata viungo tuvifichavyo. Kuvitunza ni heshima, kunyamaza sio.