Hofu ya Ugonjwa

Mvua ya Tukuyu yapiga bati usiku, jirani zako wamelala. Wewe umeamka, mkono kifuani, wahesabu mapigo ya moyo. Juzi daktari alikupima, akasema u mzima. Ulirudi nyumbani umefurahi. Siku ya tatu hofu ikarudi. Sasa wataka kupimwa tena mahali pengine, na fedha ya majani ya chai, iliyokuwa ya sare za watoto, yakwisha.

Hatukucheki. Hofu huutumikisha mwili kweli: moyo huenda mbio, jasho hutoka, tumbo husokota. Nawe ukiziona dalili hizo wasema, "Naam, naumwa!" na hofu yazidi. Kila unapojipapasa au kumwuliza jirani, wapata nafuu ya saa moja tu, kisha wataka kuuliza tena.

Basi fanya hivi. Chagua daktari mmoja, Makandana au Igogwe, umwone siku alizopanga yeye. Mwambie waziwazi kwamba waogopa. Hofu nayo ina tiba, ya mazungumzo na pengine ya dawa. Hamu ya kujipapasa ikija, kapalilie migomba kwanza. Lakini ukipatwa na maumivu mapya ya kifua, au pumzi ikikatika, usingoje: nenda hospitali upesi.

Na ukisali, usidai ahadi kwamba hutaugua. Hakuna mwanadamu aliyepewa. Katika Mathayo 6 Bwana alitufundisha kuomba riziki ya leo. Omba hiyo, kisha lala. Watoto wanakutazama, nao hujifunza kwako ama hofu, ama imani.